Neva Zako Zina Mbio Kiasi Gani?

Leo tuanzie bwenini.

Tuseme uko kidato cha tatu. Jumatatu asubuhi rafiki yako, yule anayelala kitanda cha chini, anakwambia vidole vya miguu vinamchomachoma kama amekanyaga vijipini. Unacheka. "Si uliukalia mguu wewe!" Jumanne ganzi imefika kwenye vifundo, tena miguu yote miwili, na vidole vya mikono navyo vimeanza. Jumatano anapanda ngazi za darasani huku amejishika ukutani. Alhamisi ndoo ya maji inamshinda, na kutoka kitandani anainuliwa. Hana homa. Hakuanguka popote. Ila wiki mbili nyuma aliharisha siku tatu, tumbo likapona, mkasahau.

Bweni linaanza kunong'ona. Huyu anasema karogwa. Yule anasema ni jini. Mwingine anasema, "Anaigiza huyo, anakwepa majaribio ya mwisho wa mwezi." Wewe ndiye rafiki yake. Utafanya nini?

Jibu tutalitoa mbele, lakini kwanza lazima ujue kinachoendelea ndani ya miguu ile. Udhaifu unaopanda hivi, kutoka miguuni kwenda juu, mara nyingi ni ugonjwa wa neva. Hospitalini unaweza kupimwa kwa umeme mdogo, saa na futi ya kupimia. Na kila siku mnayoipoteza kwa kunong'ona, ugonjwa unaweza kuwa unapanda kuelekea kifuani, kwenye misuli ya kupumua.

NEVA NI KITU GANI?

Neva ni waya wa mwili. Wengine huziita mishipa ya fahamu. Kila neva kubwa ni fungu la nyuzi nyembamba maelfu kwa maelfu. Baadhi ya nyuzi hupeleka amri kutoka kwenye ubongo na uti wa mgongo hadi kwenye misuli: "Inua mguu!" Nyingine hurudisha habari kutoka kwenye ngozi: "Hapa pana moto!"

Kila uzi una sehemu mbili unazopaswa kuzikumbuka hadi mwisho wa somo hili. Ndani kuna uzi wenyewe, unaoitwa aksoni. Juu yake, kwenye nyuzi zenye mbio, kuna ala ya mafuta iitwayo mayelini. Ala hii haikufunika uzi moja kwa moja. Kila baada ya milimita moja hivi, au chini ya hapo, kuna pengo dogo.

Hayo mapengo ndiyo siri ya mbio. Fikiria daladala inayosimama kila kituo. Halafu fikiria basi la moja kwa moja linaloruka vituo vyote hadi mwisho wa safari. Kwenye uzi wenye mayelini, ujumbe wa umeme huruka kutoka pengo hadi pengo, kama lile basi. Kwenye neva za mkono wa mtu mzima mwenye afya, ujumbe hukimbia zaidi ya mita 50 kwa sekunde. Hizo ni zaidi ya kilomita 180 kwa saa! Miguuni mwendo hupungua kidogo, lakini kwa kawaida hauwi chini ya mita 40 kwa sekunde.

Sasa jiulize: ala ya mafuta ikichubuka, basi litakwendaje? Na barabara yenyewe ikikatika, je?

ASKARI WANAPOWAPIGA RAIA

Mwili wako una mfumo wa kinga. Ni askari wanaopambana na vijidudu. Wakivamia sehemu, sehemu hiyo huvimba, huwa nyekundu, hupata joto na kuuma. Umeliona hilo kwenye jipu. Madaktari huita hali hiyo inflamesheni.

Kwa kawaida ni vita ya halali. Lakini wakati mwingine askari hukosea adui. Wanamaliza kumpiga kijidudu, kisha wanaona kitu kwenye neva kinachofanana naye, wanaanza kupiga neva. Hapo ndipo unapotokea ugonjwa wa Guillain-Barré. Usijing'ate ulimi, tamka Giyan-Bare.

Jina hilo lilitoka Ufaransa. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, madaktari watatu wa jeshi la Ufaransa walieleza habari za wanajeshi wawili waliolegea viungo kisha wakapona. Madaktari hao ni Georges Guillain, Jean Alexandre Barré na André Strohl. Walitoa maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa wakakuta protini imezidi, lakini chembe nyeupe za damu hazikuongezeka. Daktari Landry, naye Mfaransa, alikuwa ameeleza ulegevu unaopanda kama huu tangu 1859. Jina la Strohl liliachwa njiani, lakini kazi yake ilikuwamo.

Ugonjwa huu hauonekani mara kwa mara. Kwa mwaka huwapata mtu mmoja hadi wawili katika kila watu 100,000. Kwa wagonjwa wengi, hutanguliwa wiki chache kabla na maambukizi fulani: mafua, kikohozi, au kuharisha. Mmoja wa vijidudu wanaojulikana sana kwa jambo hili ni bakteria aitwaye Campylobacter, anayepatikana kwenye kuku asiyeiva vizuri, maziwa yasiyochemshwa na maji machafu. Usiogope kupita kiasi: wengi sana huharisha kwa sababu ya bakteria huyo na kupona bila tatizo. Lakini sasa unaona kwa nini lile tumbo la wiki mbili nyuma ni habari ambayo daktari anaihitaji.

UJANJA WA KUTOA

Zamani wataalamu wengi waliamini mbio za neva haziwezi kupimwa kabisa, eti ni za ghafla mno. Mwaka 1850 Mjerumani Hermann Helmholtz aliwaonyesha kwamba inawezekana. Alichukua neva na msuli wa chura. Akaigusa neva kwa umeme mbali na msuli, akapima muda hadi msuli ulipojikunja. Kisha akaigusa karibu na msuli, akapima tena. Akatoa muda mfupi kwenye muda mrefu. Tofauti ile ndiyo muda ambao ujumbe ulitumia kusafiri kati ya pointi zile mbili. Akagawanya umbali kwa muda, akapata kama mita 27 kwa sekunde.

Hesabu ni ile ile ya fizikia ya kidato cha kwanza: mwendokasi ni umbali gawanya kwa muda. Ujanja wenyewe ni ile kutoa. Kwa nini? Kwa sababu msuli nao una muda wake wa kuamka. Ukipima mara moja tu, unachanganya muda wa neva na muda wa msuli. Ukipima mara mbili na kutoa, muda wa msuli unajifuta.

Jaribuni darasani

Huhitaji chura. Unahitaji wanafunzi 20 na saa ya kupimia sekunde. Wasichana wajipange wenyewe na wavulana wenyewe, ili kila mmoja awe huru.

1. Kaeni kwenye duara, macho mmefumba. Kila mmoja aweke mkono kwenye bega la aliye mbele yake.
2. Kiongozi anabonyeza bega na kuanzisha saa papo hapo. Kila anayebonyezwa, abonyeze wa mbele yake. Ujumbe ukimrudia kiongozi, anasimamisha saa. Rudieni mara kadhaa mpaka mzoee, kisha andikeni muda.
3. Sasa kila mmoja ashike kifundo cha mguu cha mwenzake badala ya bega. Rudieni.

Mtaona mzunguko wa kifundo unachukua muda zaidi. Kwa nini? Kutoka mguuni hadi kwenye ubongo ni mbali kuliko kutoka begani. Tuseme tofauti ni sekunde 0.6. Gawanya kwa watu 20, unapata sekunde 0.03 kwa kila mtu. Kama tofauti ya umbali ni mita 1.2, basi 1.2 gawanya kwa 0.03 ni mita 40 kwa sekunde. Majibu yenu yatayumba kidogo, maana saa ya mkononi si chombo cha maabara. Lakini muda wa kufikiri umejifuta wenyewe, kama ule wa msuli wa chura.

SIKU YA KIPIMO

Hospitalini ni ujanja ule ule. Tofauti ni kwamba mashine inapima elfu za sekunde, yaani milisekunde. Mashine hizi hazipo kila mahali. Huku kwetu utazikuta zaidi kwenye hospitali kubwa, tena si zote.

Rafiki yako atalazwa kitandani. Mikono na miguu itafutwa vizuri, kwa hiyo asipake mafuta siku hiyo. Mtaalamu anabandika vipande vidogo vya chuma viitwavyo elektrodi kwenye msuli, kwa mfano ule mnene chini ya kidole gumba. Kisha anagusa neva kwenye kifundo cha mkono kwa kifaa kinachotoa umeme mdogo. Gumba linaruka lenyewe! Anagusa tena kwenye kiwiko, gumba linaruka tena. Anapima kwa utepe umbali kati ya sehemu mbili alizogusa.

Inauma? Inashtua. Umewahi kugonga kiwiko ukahisi shoti hadi kwenye kidole cha mwisho? Ile ni neva yako, na hisia zinakaribiana. Umeme wenyewe hauunguzi wala hauharibu neva. Mwenye kifaa cha kusaidia moyo mwilini amwambie mtaalamu kabla. Wakati mwingine daktari huongeza kipimo kingine cha sindano nyembamba inayoingizwa kwenye msuli ili kusikiliza umeme wake.

Tufanye hesabu. Hii ni mifano ya kujifunzia.

Mkono wenye afya: kutoka kifundo cha mkono, msuli umejibu baada ya milisekunde 3.5. Kutoka kiwiko, milisekunde 7.5. Tofauti ni 4. Umbali ni milimita 220. Kwa hiyo 220 gawanya kwa 4 ni 55. Milimita kwa milisekunde ni sawasawa na mita kwa sekunde, basi jibu ni mita 55 kwa sekunde. Safi!

Mkono wa mgonjwa: kutoka kifundo, milisekunde 7. Kutoka kiwiko, milisekunde 18. Tofauti ni 11. Umbali ni ule ule, milimita 220. Jibu: mita 20 kwa sekunde. Hapo kuna jambo.

DAKTARI ANASOMA NINI?

Kwenye kioo cha mashine kunatokea mstari wenye kilima. Daktari anauliza maswali manne.

Kwanza, ujumbe umekwenda kwa mbio gani? Ukiwa umepungua sana, kama ule wa mita 20, ala ya mafuta imechubuka. Basi la moja kwa moja limegeuka daladala ya kusimama kila kituo.

Pili, kilima kina urefu gani? Urefu wa kilima unaonyesha nyuzi ngapi zimefikisha ujumbe. Kilima kikiwa kifupi popote neva inapoguswa, lakini mbio ni karibu na kawaida, tatizo huenda liko kwenye aksoni zenyewe. Mabasi machache yaliyopita yamekwenda vizuri, mengine hayakufika.

Tatu, kuna mahali njia imezibwa? Tuseme ukigusa kifundo cha mkono kilima ni kirefu, ukigusa kiwiko kinakuwa kifupi sana. Maana yake kati ya kiwiko na kifundo kuna sehemu inayozuia ujumbe kupita. Kizuizi cha namna hii ni alama kubwa ya inflamesheni, kwa sababu askari wa kinga hushambulia vipandevipande. Huku wamepiga, pale wameacha. Magonjwa mengi ya kurithi ya mayelini hupunguza mbio kwa usawa neva nzima.

Nne, vipi kule juu, karibu na uti wa mgongo? Mkono haufiki huko kugusa. Lakini ukigusa neva kwenye kifundo, ujumbe mwingine hupanda hadi kwenye uti wa mgongo na baadhi yake hurudi chini kama mwangwi. Mashine hupokea mwangwi huo. Ukichelewa au usiporudi, shina la neva lina matatizo. Katika Guillain-Barré, mara nyingi hiyo ni kati ya dalili za mwanzo kabisa kwenye kipimo.

Kwa maswali haya daktari anaweza kugundua ni aina gani ya Guillain-Barré. Kuna aina inayochubua mayelini, na aina inayopiga aksoni. Mwaka 1991 madaktari wa China na Marekani waliwapima watoto kaskazini mwa China waliokuwa wakilegea ghafla viungo, hasa wa vijijini. Vipimo vya neva vikasaidia kuonyesha kwamba wengi walikuwa na aina ya aksoni, tofauti na iliyozoeleka Ulaya na Marekani. Bila kipimo hiki, aina hizo mbili zinafanana sana kwa macho: mgonjwa amelala, miguu haiinuki.

Tofauti hiyo inamgusa mgonjwa mwenyewe. Mayelini iliyochubuka hujengwa upya kwa wiki au miezi. Aksoni iliyokatika mbali na msuli huota polepole sana, kama milimita moja kwa siku. Baadhi ya wenye aina ya aksoni hupona upesi kwa sababu uzi ulizuiwa tu, haukukatika. Ndiyo maana daktari huweza kurudia kipimo.

KIPIMO NACHO KINA MIPAKA

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa wengi huteleza.

Siku za mwanzo kipimo kinaweza kuwa cha kawaida kabisa, na mgonjwa akawa anaumwa kweli. Uharibifu haujaonekana bado pale mashine inapogusa. Kwa hiyo jibu zuri wiki ya kwanza halimfanyi rafiki yako kuwa mwongo. Kipimo hurudiwa baada ya wiki moja au mbili.

Baridi nayo hudanganya. Mkono ukipoa kwa digrii moja, mbio za neva hupungua kwa takriban mita 2 kwa sekunde. Mgonjwa aliyetoka kwenye mvua apashwe joto kwanza, la sivyo afya itaonekana ugonjwa.

Tena, daktari haanzi na mashine. Anaanza kwa kukuuliza, kisha anagonga chini ya goti kwa nyundo ndogo ya mpira. Mguu wa kawaida huruka. Kwenye Guillain-Barré mara nyingi hautikisiki. Anaweza pia kuchukua maji ya uti wa mgongo kutafuta ile protini ya 1916, ingawa nayo katika wiki ya kwanza inaweza kuwa haijapanda.

Na la muhimu kuliko yote: mgonjwa anayezidi kulegea hasubirishwi tiba kwa sababu mashine iko mkoa mwingine. Kipimo kinathibitisha na kupambanua. Kinachookoa maisha wiki ya kwanza ni kulazwa mahali ambapo pumzi, mapigo ya moyo na kumeza vinaangaliwa usiku na mchana. Mgonjwa mmoja kati ya wanne hivi hufikia kuhitaji mashine ya kupumulia.

TIBA NA MATUMAINI

Tiba kubwa ni mbili, na zinalingana kwa nguvu. Ya kwanza ni dripu ya imunoglobulini, ambayo ni kingamwili zilizotolewa kwenye damu iliyochangwa na maelfu ya watu. Kwa kawaida hutolewa siku tano. Ya pili ni kutoa majimaji ya damu yenye kingamwili zinazoshambulia na kuweka mengine badala yake, mara kadhaa ndani ya wiki mbili. Zote ni ghali. Zote hufanya kazi vizuri zaidi zikianza mapema, na imunoglobulini inatakiwa ianze ndani ya wiki mbili tangu ulegevu uanze. Baada ya hapo ni mazoezi ya viungo, na uvumilivu.

Mgonjwa hufikia hali yake mbaya kabisa ndani ya wiki nne, kisha hutulia, kisha huanza kupanda. Baada ya miezi sita, karibu wagonjwa 8 kati ya 10 hutembea bila msaada. Wapo wanaobaki na udhaifu au uchovu, na wapo wachache wanaofariki. Si ugonjwa wa mzaha.

Wapenzi wa soka, mnamkumbuka Markus Babbel? Beki huyu Mjerumani alichukua vikombe na Liverpool mwaka 2001. Mwaka huo huo Guillain-Barré ikamlaza. Alirudi uwanjani, na mwaka 2007 alikuwa na kikosi cha VfB Stuttgart kilichotwaa ubingwa wa Ujerumani.

SI KILA GANZI NI HII

Ukikalia mguu ukafa ganzi na baada ya dakika chache ukarudi, hiyo ni neva iliyobanwa tu. Ganzi ya polepole ya miguu inaweza kuletwa na kisukari, pombe au upungufu wa vitamini. Kuna pia ndugu wa Guillain-Barré aendaye taratibu: ulegevu unaozidi kwa zaidi ya wiki nane, au unaoondoka na kurudi. Huyo ana tiba tofauti, na mara nyingi kipimo cha neva ndicho kinachomtambulisha.

Na usisahau ukoma. Bakteria wa ukoma huingia kwenye neva, na vita vya kinga dhidi yake huivimbisha neva na kuiua. Baka kwenye ngozi lisilohisi ni sababu ya kwenda kituo cha afya, si sababu ya kujificha. Ukoma unapona na dawa zake ni bure. Utafiti mkubwa uliofanywa India na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kipimo cha neva kinaweza kuona mabadiliko hadi wiki 12 kabla ganzi haijagunduliwa kwa vipimo vya kawaida vya mguso na nguvu. Yaani neva hulia kabla mwenyewe hajasikia.

MASWALI AMBAYO VIJANA HUULIZA

Je, Guillain-Barré inaambukiza?
Hapana. Unaweza kumshika mgonjwa mkono, kumlisha, kulala chumba kimoja naye.

Je, mwenye ugonjwa huu ana virusi vya UKIMWI?
La, huwezi kusema hivyo. Ugonjwa unaweza kumpata yeyote. Ila wakati mwingine huwapata wanaoishi na VVU, kwa hiyo daktari anaweza kushauri kipimo. Ni siri ya mgonjwa, si habari ya bwenini.

Kwa nini hospitali wanaomba choo cha mtu aliyelegea miguu?
Kwa ajili ya polio. Mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 anayelegea kiungo ghafla lazima aripotiwe, na sampuli mbili za choo zichukuliwe, zipishane angalau saa 24, ndani ya siku 14. Kidato cha kwanza na cha pili, wengi wenu mko humo! Kanda ya Afrika ilitangazwa kuwa haina polio ya asili mwaka 2020, na ulinzi huo ndio uliofanya tangazo hilo liwezekane. Polio mara nyingi hulegeza upande mmoja zaidi, huja na homa, na haileti ganzi.

SASA TURUDI BWENINI

Ni Alhamisi usiku. Rafiki yako hawezi kuinuka. Fanya haya:

1. Mwambie matroni au mwalimu wa zamu sasa hivi, si kesho. Sema hivi: "Udhaifu umeanzia miguuni, uko pande zote mbili, na unapanda kila siku." Sentensi hiyo ina uzito kuliko "anaumwa miguu".
2. Mwambie ahesabu kwa sauti kwa pumzi moja. Mwenye afya hupita 30. Akishindwa kufika 20, hiyo ni hatari kubwa. Akipita, bado aende hospitali. Kesho inaweza kuwa tofauti.
3. Akipaliwa na mate au maji, sauti ikififia, au akihema kwa shida, usimpe chakula wala kinywaji. Ni safari ya hospitali muda huo huo, tena ile yenye mashine ya kupumulia kama ipo inayofikika.
4. Andika kwenye karatasi: ganzi ilianza lini, imefika wapi kila siku, aliharisha au kuugua mafua lini. Karatasi hiyo ni msaada mkubwa kwa daktari.
5. Familia ikitaka kupita kwa mganga kwanza, usigombane nao. Waambie, "Twende hospitali kwanza, mengine baadaye." Dua haikatazwi popote. Kinachokatazwa ni kuchelewa.
6. Usimwache peke yake. Mtu aliyelegea mwili mzima anasikia kila neno, pamoja na minong'ono.

JIPIME

1. Umbali kati ya kiwiko na kifundo ni milimita 240. Msuli umejibu baada ya milisekunde 4 kutoka kifundo na milisekunde 9 kutoka kiwiko. Mbio za neva ni ngapi? Je, ni za kawaida?
2. Kwa nini tunapima sehemu mbili na kutoa, badala ya kupima mara moja?
3. Kilima ni kifupi kila mahali, mbio ni mita 52 kwa sekunde. Kimepigwa nini, mayelini au aksoni?
4. Kipimo cha siku ya tatu ni cha kawaida, lakini mgonjwa hawezi kusimama. Arudishwe shuleni?

Majibu: (1) 240 gawanya kwa 5 ni mita 48 kwa sekunde. Iko chini kidogo ya 50. Kabla ya kuogopa, uliza kama mkono ulikuwa wa baridi! (2) Ili muda wa msuli kuamka ujifute. (3) Aksoni. (4) Hapana. Abaki hospitalini, kipimo kirudiwe.

Umepata yote manne? Basi wewe ni mwalimu. Mfundishe mmoja leo, ikiwezekana yule aliyesema rafiki yako anaigiza.